Siku Niliyoigawa Pembe ya Neema

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani nataka kuonewa huruma. Haya ninayoyaandika nilijifanyia mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa muda wa siku mbili, hapa hapa London, na yalianza na pembe ya unga.

Wakati huo nilikuwa naosha masufuria katika jiko la skuli ya watoto wadogo, Harrow. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Ikiisha salama, mwalimu mkuu angeniandikia barua ya kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu, na barua hiyo ndiyo waliyoitaka watu wa uhamiaji ili binti yangu aruhusiwe kuja. Bila barua, hakuna binti. Kila asubuhi nilipofunga aproni nilijikumbusha hivyo.

Binti yangu nilimwacha Unguja. Niliondoka kwa ruhusa ya matibabu, miaka kadhaa baada ya Mapinduzi, baba yake akiwa keshafariki, na waliotoa ruhusa walimzuia mtoto ili nami nilazimike kurudi. Sikurudi. Sina namna ya kulisema hilo likapendeza. Alibaki na mama yangu, akapanga foleni ya mchele, akapanga foleni ya sukari, na mama alipokufa akavuka mpaka Mombasa kwa njia ambazo hata leo hataki kuzisimulia. Huko alipokewa na shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye nyumba safi na pupa ya kuozesha.

Wifi yangu huyo alikuwa keshapata posa. Mwanamume mwenyewe alikuwa mtu mzima, ana maduka mawili ya vyakula na ghala, na mke wa kwanza anaye. Kila barua ya wifi yangu ilijaa habari za ghala: mchele kwa magunia, samli kwa madebe, tende za Arabuni. "Mwana hatalala njaa," aliniandikia. "Nawe huko una nini cha kumpa?" Mposaji alitaka jibu kabla ya Ramadhani, maana kwetu Shaabani ndio mwezi wa harusi, kila mwenye nia ya kuoa anataka aingie kwenye mfungo nyumba yake imekamilika. Nilimwomba wifi yangu asubiri. Nilimwambia barua ya kazi itatoka kabla mwezi haujaandama, na mwana atakuja kwangu. Binti mwenyewe aliniandikia maneno machache kwa penseli, chini kabisa ya karatasi ya shangazi yake: Mama, fanya hima.

Karatasi ile nilitembea nayo kifuani wiki tatu nzima, mpaka penseli ikaanza kufutika.

Zikabaki siku kumi hivi kufikia Ramadhani, na wiki moja tu ya majaribio, ndipo jikoni pakaingia habari ya pembe.

Mpishi mkuu wetu alikuwa Mwingereza mnene, mikono yake miepesi kwenye unga, sifa hatoi. Wiki ile aliniachia masufuria yote na mwenzangu akamwachia viazi, yeye akajifungia kwenye kona yake, anakanda, anasuka, anaoka kwa moto mdogo. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mgongo kwake, sikuona alichotia. Siku ya tatu alikitoa tanurini akakiweka mezani, na mimi nikaacha brashi ndani ya maji nikaja kutazama. Ilikuwa pembe. Urefu wake ulinifika kiwikoni, mdomo umepanuka, mkia umejikunja, imesukwa kama ukili na kupakwa yai mpaka inang'aa.

"Pembe ya nini tena hii?" nilimwuliza mwenzangu.

Mwenzangu wa jikoni ndiye pia aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na ndiye aliyenitafutia kazi ile. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo kila neno la watu wazima lilinifikia kwa kinywa chake.

"Ya harvest, mama," alinijibu. "Wazungu wanashukuru Mungu kwa mavuno. Wanasema zamani sana kulikuwa na mbuzi, pembe yake ikavunjika, basi chakula kikawa kinatoka ndani tu, kinatoka, hakiishi. Sasa wanatengeneza hii, wanajaza matunda. Maana yake plenty. Neema."

Niliitazama ile pembe ya neema. Pembe nilizozijua mimi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile ya mpiga mbiu, ikilia mtaani watu wanatoka mlangoni kusikiliza amri. Ya pili ni ya mwumikaji, aliyemwekea bibi yangu mgongoni akimnyonya damu mbaya. Pembe ya kutoa zabibu sikuwahi kuisikia. Na mwanangu alikulia kwenye foleni, anabandua miguu yake kwenye lami ya moto, anasubiri kibaba cha mchele. Niliona uchungu, tena mwingi. Nikarudi kwenye sinki nikasugua sufuria ya kastadi mpaka mwenzangu akaniambia nitaitoboa.

Ijumaa tukaipeleka pembe ukumbini. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Watoto wameleta matofaa, mapeasi, maboga, karoti zenye majani yake. Mpishi aliilaza pembe katikati akaijaza zabibu nyeusi na nyeupe, akaziacha zimwagike mpaka ukingoni mwa meza, kisha akazungusha matunda mengine yote. Akarudi nyuma, akatazama, akaweka zabibu moja sawa. Halafu akatugeukia sisi wawili na kidole juu, akasema jambo.

"Anasema mtu asiguse mpaka baada ya sala," mwenzangu akanitafsiria.

"Hilo nalo ni la kuambiwa?" nikasema. "Kwani sisi tumelelewa wapi?"

Hapo ndipo nilipopotea, na nilipotea kwa kujua kwangu, si kwa kutojua. Maana katika maisha yangu yote, chakula kilichotandazwa mbele ya watu kikasomewa dua kilikuwa na mwisho mmoja tu. Kwenye maulidi, kwenye hitima, vinawekwa vitu katikati, haluwa, mikate, ndizi, na hakuna anayenyoosha mkono. Dua ikimalizika, wanawake wa jikoni wanasimama na kugawa, upesi upesi, safu kwa safu, mpaka aliyekaa mlangoni apate. Mgeni hatoki mikono mitupu. Chakula kilichosomewa kikirudi kabatini ni aibu, na aibu hiyo haimpati mwenye nyumba peke yake, inawapata kwanza wa jikoni.

Basi tulisimama nyuma ya ukumbi, mimi na mwenzangu na mpishi. Watoto wamekaa chini miguu wameikunja, walimu kwenye viti vya pembeni, mwalimu mkuu na padri mbele. Wakaimba. Padri akasoma. Sala ikawa ndefu, nami nikainamisha kichwa nikaomba yangu: barua itoke, mwana aje. Wakaitikia amina.

Hakuna aliyeondoka mahali pake. Nilimtazama mpishi, kasimama tu na tabasamu lake. Nikamtazama mwenzangu, kasimama. Mwalimu mkuu alituangalia kule nyuma, na mimi nikaona ananiangalia mimi. Nikajisemea, wanatungoja. Watu wote hawa wanatungoja sisi wa jikoni, na hawa wenzangu wamezubaa. Na mimi niliye kwenye majaribio ndiye ninayepaswa kuonyesha kwamba kazi naijua. Nikapiga moyo konde, nikaenda mbele.

Nilianza na zabibu. Nilizikata vichala nikazitia kwenye aproni, nikawapa watoto wa mstari wa kwanza. Walinikodolea macho. Mmoja alimtazama mwalimu wake, akaona mwalimu naye mdomo wazi, akatia zabibu kinywani. Baada ya hapo mikono ilinyanyuka ukumbi mzima. Niligawa matofaa, niligawa mapeasi, karoti nikazivunja vipande. Ukumbi ukawa unalia karau karau kwa meno ya watoto mia moja, na mimi jasho linanitoka kwa furaha, nasema, "Haya mwanangu, haya baba, pokea." Nilidhani ninavyokwenda mbio vile ndivyo barua inavyoandikwa.

Yakabaki ya wakubwa. Niliinyanyua pembe, nikashangaa uzito wake, nikaivunja kwenye ukingo wa meza. Ilitoa mlio wa chungu kinachopasuka. Kipande kikubwa kabisa nilimpa padri kwa mkono wa kulia, na cha pili nikampa mwalimu mkuu. Padri alikitazama kile kipande, akanitazama mimi. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Macho yake yalijaa maji, akatafuna tena, akameza. Mwalimu mkuu alikuwa amekishika chake kwa vidole viwili, hakukila.

Nyuma ya ukumbi mlango ukajibamiza. Alikuwa mpishi, ametoka mbio, aproni usoni.

Mwenzangu alinidaka mkono. "Mama, umefanya nini?" Akanivuta pembeni. "Ile ilikuwa ya kuangalia! Sunday iende kanisani, halafu matunda yaende kwa wazee, wale wa nyumba ya kulelea. Na ile pembe si mkate, mama. Ni unga na chumvi. Hailiwi!"

Watoto walikuwa bado wanatafuna na kuchekelea. Mwalimu mkuu alimwita mwenzangu, akamwambia maneno mafupi huku anajipangusa vidole, na mwenzangu akaniletea: "Anataka kukuona, ofisini, saa tisa."

Sikungoja saa tisa. Nilitundika aproni kwenye msumari wake, nikavaa koti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa. Niliondoka Unguja nikiwa na heshima zangu, sikuwa tayari kufukuzwa na mtu aliyejipangusa vidole. Nilikwenda kwa miguu mpaka nyumbani. Nilijiambia hiyo ni heshima. Ilikuwa woga.

Mwenzangu aliporudi alinikuta jikoni kwake nimekaa na koti langu.

"Kwa nini umekimbia? Amekungoja. Sasa anasema Monday asubuhi."

"Alikuwa na uso gani?"

"Uso wa kizungu tu, mama. Mimi nitajuaje?"

Jioni ile sikula. Nilipiga hesabu yangu kila upande, na kila upande ilinirudisha pale pale. Jumatatu nitafukuzwa. Barua haipo. Shaabani inakwisha. Mposaji amekwisha sema hatangoja kupita mwezi huu. Nikiendelea kumzuia, binti atakosa huku na atakosa kule, atabaki kwenye nyumba ya shangazi yake anahesabiwa anachokula. Na lilikuwepo jingine ambalo sikulikiri wakati ule: nilitaka wifi yangu azisikie habari kutoka kwangu kabla hajazisikia kwa watu. Nilitaka niwe wa kwanza kusema nimeshindwa.

Jumamosi asubuhi mwenzangu alinikuta navaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Posta."

Alisimama mlangoni, kifimbo cha chapati mkononi, unga mpaka kiwikoni. "Ngoja Monday, mama. Siku mbili tu."

"Siku mbili unazo wewe, wanao wamelala juu hapo. Mimi sina."

Lilikuwa neno baya, na nililisema kwa makusudi liume. Alinipisha.

Karani wa posta hakukijua Kiswahili, kwa hiyo telegramu ya kwenda kwa binti yangu alinitaka nimtajie herufi moja moja, naye anaandika kwa herufi kubwa na kunionyesha. KAZI IMEHARIBIKA. USINITEGEMEE. FUATA SHAURI LA SHANGAZI. Ilichukua muda mrefu. Kila neno lilinipa nafasi ya kusema basi, futa, na kila neno nililisukuma mbele kwa hasira, najionea fahari kwamba silii. Akaniuliza kama nataka kuongeza. Nikatikisa kichwa.

Jumapili nilishinda nafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu tukaingia ofisini, mimi na mwenzangu. Mwalimu mkuu alinionyesha kiti. Sikukaa. Nilimwambia mwenzangu, "Mwambie kama ni kunifukuza anifukuze, asinihubirie." Mwenzangu alisema jambo fupi sana, na nina hakika halikuwa hilo.

Mwalimu mkuu alizungumza polepole, anatua kila mara ili nitafsiriwe. Matunda ya wazee yametafutwa mengine na yameshapelekwa. Siku nyingine, kama sijui, niulize. Mpishi alilia Ijumaa yote. "Lakini leo asubuhi," mwenzangu akaendelea, na sauti yake ikabadilika, "huyo huyo mpishi amekuja hapa. Amesema ukiondoka wewe, yeye naye anaondoka. Anasema tangu aanze kazi hajapata mtu wa kumsafishia masufuria hivi. Na padri anakusalimia."

Nilitaka kukasirika na sikuona pa kuanzia.

Mwalimu mkuu akafungua saraka, akatoa bahasha, akanisogezea mezani. Ilikuwa barua. Jina langu, muhuri wa skuli, saini. Mwenzangu aliisoma, kisha akarudi juu akaisoma tena.

"Kuna nini?"

"Tarehe, mama. Ni ya Ijumaa. Anasema aliiandika Ijumaa asubuhi, kabla ya harvest. Ndiyo maana alikuita saa tisa. Alitaka kukupa mkononi."

Sikuaga. Nilikimbia mpaka posta na aproni yangu, mwanamke mzima mwenye mtandio unaning'inia begani, watu wananipisha njiani. Karani alikuwa yule yule. BARUA IMETOKA. MSIFUNGE NDOA. MWANA AJE. Safari hii nilimtajia herufi kwa kasi mpaka akaniinulia mkono nipunguze. Siku ile nilifanya kazi yangu yote na wala sikumbuki hata sufuria moja.

Jibu lilikuja Jumanne, mwenzangu alilipokea mlangoni akaniletea bila kulifungua. Wifi yangu hakuwa na maneno ya kupoteza. NDOA IMEFUNGWA JUMAPILI BAADA YA ALASIRI. MWANA KARIDHIA. TUOMBEENI HERI.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimlaani wifi yangu kwa sauti, na ukoo wake, na ghala la mkwe wangu. Nikamaliza hao nikajigeukia mwenyewe. Mwenzangu alinitengenezea chai ya tangawizi akakaa ngazi ya chini yangu, na hakusema hata mara moja kwamba alinikataza. Nilimchukia kwa hilo siku nyingi. Angesema, ningepata wa kugombana naye.

Barua ya mwalimu mkuu haikupelekwa popote. Mtoto aliyeolewa hahesabiwi tena mtoto wa kuletwa, hata angekuwa na umri gani. Mimi nikabaki na kazi ya kudumu, nikaosha masufuria ya skuli ile mpaka nywele zikaingia mvi, na binti yangu akabaki Mombasa akizaa. Barua zake zilikuwa za adabu na nzuri. Watoto hawajambo, baba yao hajambo, mchele upo, samli ipo, mnakumbukwa. Hakulalamika hata kidogo, na mimi nilijifariji kwa hilo: mwanangu hakulala njaa. Niliwaambia watu hivyo, na walinipongeza.

Alikuja kunitembelea mara moja, baada ya mumewe kufariki na watoto kuwa watu wazima. Nilimpokea mama mnene mwenye bangili mpaka katikati ya mkono, ambaye anatembea kama mama yangu. Masanduku yake yalipasuka kwa vitu. Alitandaza mezani kwangu tende, haluwa, korosho, mchele wenye kunukia ambao ungeweza kulisha mtaa. Alipika siku tatu mfululizo. Siku ya nne mchana, tukiwa tunachambua mchele wawili, nikamwuliza lile nililoogopa kumwuliza miaka yote ile.

"Yule mwanamume, ulimtaka?"

Hakuinua kichwa. "Walikuja kuniuliza chumbani, shangazi na mashahidi. Nilinyamaza. Wakasema mwali akinyamaza ndiyo karidhia, wakatoka."

"Na kwa nini ulinyamaza, mwanangu?"

"Nilikuwa sijawasikia, mama," alisema. "Nilikuwa na telegramu yako mkononi. Nilikuwa naisoma tena, nione kama kuna mahali umesema unanitaka."